Ukurasa wa Afya: Namna ya Kutafuta Wafadhili wa Huduma ya Wagonjwa Majumbani



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, lishe ya watoto, shinikizo la damu na utunzaji wa vidonda. Mwezi huu tunageukia jambo ambalo si ugonjwa, lakini likikosekana wagonjwa huteseka. Nalo ni fedha za kuendeshea huduma, na hasa namna ya kuzitafuta.

Somo hili ni kwa ajili ya vikundi vinavyowatembelea wagonjwa majumbani, kamati za afya za parokia, WAWATA, na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Sisi wauguzi wa hospitali ya misheni hupokea mara kwa mara walezi wanaokuja na swali lile lile: "Sista, tumwandikie nani atusaidie?" Swali ni zuri, lakini yako maswali mengine yanayopaswa kujibiwa kabla yake.

KWA NINI TUZUNGUMZE HAYA SASA

Wenye umri mkubwa wanakumbuka kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI hapa Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ile hapakuwa na dawa. Aliyemtunza mgonjwa alikuwa mama yake, jirani yake na wanajumuiya, wakiwa na ndoo ya maji, sabuni na uji. Huduma ya majumbani katika parokia nyingi ilianza hivyo.

Baadaye misaada mikubwa ilikuja. Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria ulianzishwa mwaka 2002. Mpango wa Rais wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianza mwaka 2003. Kuanzia mwaka 2004 wagonjwa wa hapa nchini walianza kupewa bure dawa za kupunguza makali ya virusi. Watu wengi wako hai leo kwa sababu hiyo, nasi tunamshukuru Mungu na wote waliochangia.

Lakini tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, kwanza kwa siku 90. Ilipofika tarehe 1 Julai 2025, shirika la USAID lililokuwapo tangu mwaka 1961 lilikoma kusimamia misaada hiyo. Hapa kwetu na katika nchi nyingine, miradi mingi ilisimama ghafla. Watumishi wa miradi walirudi makwao, lakini mgonjwa aliyepooza hakurudi popote. Alibaki palepale kitandani.

Kwa hiyo tunapofundishana namna ya kutafuta wafadhili, tufundishane pia namna ya kutafuta ili siku mfadhili akiondoka, mgonjwa asiachwe. Wahenga walisema: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

HATUA YA KWANZA: TUHESABU WAGONJWA KABLA YA KUHESABU FEDHA

Bwana wetu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba sharti kwanza aketi apige hesabu ya gharama. Kikundi nacho kiketi. Chukueni daftari, mpite kila jumuiya, mwandike:

(a) Wagonjwa ni wangapi, na wanaumwa nini: kiharusi, saratani, VVU, kifua kikuu, uzee, ulemavu.

(b) Wangapi hawawezi kuinuka kitandani. Hao ndio wanaopata vidonda vya kulalia.

(c) Nani anawatunza nyumbani. Mara nyingine mlezi ni mtoto wa shule au bibi ambaye mwenyewe ni mgonjwa.

(d) Walezi wa kikundi ni wangapi, na wanafika kwa mgonjwa mara ngapi kwa wiki.

(e) Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatoa nini tayari. Tusiombe kitu ambacho serikali inakitoa.

Orodha hii pekee inakipa kikundi nguvu. Anayesema "tuna wagonjwa wengi wenye shida" hasikilizwi sana. Anayesema "tuna wagonjwa 40, na 15 kati yao hawainuki kitandani" anaeleweka na kila mtu, awe paroko, Mganga Mkuu wa Wilaya au mfadhili wa ng'ambo.

HATUA YA PILI: TUTENGANISHE CHA MARA MOJA NA CHA KILA MWEZI

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mahitaji ni ya aina mbili. Yako yanayotokea mara moja kwa muda mrefu, kama kununua baiskeli, kununua mipira ya kitandani au kuwafundisha walezi. Na yako yanayojirudia kila mwezi, kama sabuni, glavu na jiki. Kanuni tunayoipendekeza ni hii: mfadhili tumwombe hasa kile cha mara moja, kile cha kila mwezi tujizoeze kukibeba wenyewe, hata kama mwaka wa kwanza atatusaidia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kikundi kina walezi 10 na wagonjwa 40, na kila mgonjwa anatembelewa mara moja kwa wiki. Kwa mwaka ni mara 2,080. Bei tunazoziweka ni za mfano. Ninyi tafuteni bei za dukani kwenu.

1. Glavu: jozi moja kwa kila safari. Boksi moja lina jozi 50, hivyo maboksi 42 kwa shilingi 15,000. Jumla 630,000.

2. Sabuni: mche mmoja kwa kila mgonjwa kwa mwezi, yaani miche 480 kwa shilingi 3,000. Jumla 1,440,000.

3. Jiki, pamba na bandeji: shilingi 50,000 kwa mwezi. Jumla 600,000.

4. Mipira ya kutandika kitandani: wagonjwa 15, meta 2 kila mmoja, kwa shilingi 12,000 meta moja. Jumla 360,000.

5. Baiskeli 5 kwa shilingi 280,000. Jumla 1,400,000.

6. Matengenezo ya baiskeli: shilingi 5,000 kwa kila moja kwa mwezi. Jumla 300,000.

7. Mafunzo ya walezi 10 kwa siku 5: chakula 500,000 na nauli 100,000. Jumla 600,000.

8. Madaftari, fotokopi na kutuma taarifa: 170,000.

Jumla kuu ni shilingi 5,500,000.

Sasa tuangalie mchango wetu. Parokia ina jumuiya 24. Kila jumuiya ikileta miche 20 ya sabuni kwa mwaka, yaani chini ya miche miwili kwa mwezi, sabuni yote 480 imepatikana. Parokia ikitoa ukumbi na chakula cha mafunzo, 500,000 imepatikana. Walezi wanaotumia baiskeli wakizitengeneza kwa mchango wa kikundi, 300,000 imepatikana. Mchango wetu umefika shilingi 2,240,000. Tunakwenda kwa mfadhili kuomba 3,260,000 tu, na tunakwenda tukiwa na kitu mkononi.

Angalieni mwaka wa pili. Baiskeli zipo, mipira ipo, walezi wamefundishwa. Kinachojirudia ni glavu, sabuni, jiki na pamba, matengenezo na madaftari: shilingi 3,140,000. Sabuni na matengenezo tunabeba tayari, 1,740,000. Pengo lililobaki ni 1,400,000. Ligawanyeni kwa jumuiya 24: haifiki shilingi 5,000 kwa jumuiya kwa mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Kikundi kilichopanga hivi, mfadhili akiondoka kitasikitika, lakini mgonjwa ataendelea kuoshwa na kugeuzwa.

Hatusemi kwamba jumuiya zinaweza kubeba kila kitu. Dawa za VVU, za kifua kikuu na za saratani haziwezi kununuliwa kwa sadaka ya kigango. Hizo ni wajibu wa taifa. Viongozi wa nchi za Afrika walikutana Abuja mwaka 2001 wakaahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti zao katika afya. Ni haki ya wananchi kuikumbusha ahadi hiyo. Sisi katika kikundi tubebe kile kinacholingana na mabega yetu.

HATUA YA TATU: TUWE NA JINA, SAHIHI NA DAFTARI

Hakuna mfadhili wa kweli anayetuma fedha kwa mtu binafsi. Atauliza: Ninyi ni nani? Mmeandikishwa wapi? Fedha zitaingia akaunti gani?

Kikundi cha kigango hakilazimiki kuwa shirika. Njia nyepesi ni kuomba chini ya mwavuli wa jimbo, ambalo lina Bodi ya Wadhamini iliyoandikishwa kisheria. Barua hupitia kwa paroko, kisha Idara ya Afya au Caritas ya jimbo. Njia nyingine ni kukiandikisha kikundi katika halmashauri kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii. Wanaotaka kuwa shirika kamili lisilo la kiserikali wanaongozwa na sheria ya mwaka 2002, na wanaandikishwa na Msajili. Kanuni za mwaka 2018 zinataka shirika linalopokea zaidi ya shilingi milioni 20 litangaze fedha hizo na kuwasilisha mkataba wake serikalini. Mkifikia kiasi hicho, mwoneni kwanza Afisa Maendeleo ya Jamii awape utaratibu.

Kisha daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi wasiopungua wawili, na wasiwe wa nyumba moja. Kila shilingi iliyoingia iandikwe, kila iliyotoka iwe na stakabadhi. Mwenye kushika fedha asiwe yule yule anayekagua. Kikundi kisomewe mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, mbele ya watu. Anzeni hata kama mnayo shilingi 40,000 tu. Mfadhili akiona daftari safi la shilingi 40,000, ataamini kwamba milioni 4 nazo zitaandikwa.

HATUA YA NNE: TUMGONGEE NANI?

Tuanze karibu na nyumbani, kisha twende mbali.

Kwanza, parokia yenyewe na wazaliwa wa kijiji wanaofanya kazi mijini. Wengi wako tayari kuchangia wakielezwa kitu kimoja kinachoonekana, kwa mfano baiskeli moja. Wafanyabiashara wa mji wenu nao waombwe vitu badala ya fedha: katoni ya sabuni ni rahisi kutoka kuliko noti.

Pili, serikali ya mahali. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kukutanisha walezi wenu na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kuwapa mwalimu wa mafunzo. Halmashauri pia hutoa mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Lakini tuelewane: huo ni mkopo, hauna riba lakini hurudishwa. Unafaa kwa mradi wa kuku au bustani utakaoleta faida ya kununulia glavu. Haufai kununulia glavu zenyewe, kwa maana glavu haizai.

Tatu, wafadhili walioko hapa nchini. The Foundation for Civil Society iliyoko Dar es Salaam hutoa ruzuku kwa asasi za Kitanzania. Hutangaza nyakati za kupokea maombi na aina ya kazi inazotaka. Ubalozi wa Japani una mpango wa ruzuku kwa miradi ya wananchi, ambao husaidia majengo na vifaa. Haulipi mishahara wala matumizi ya kila siku. Vilabu vya Rotary husaidia pia. Ruzuku yao ya kimataifa inataka bajeti isiyopungua dola 30,000 na vilabu viwili vinavyoshirikiana, kimoja cha hapa na kimoja cha nje. Huo ni mzigo wa hospitali kuliko wa kigango, lakini klabu ya mjini inaweza kusaidia jambo dogo kwa njia yake yenyewe.

Nne, mashirika ya Kanisa ya ng'ambo. Misereor ni shirika la Maaskofu wa Ujerumani lililoanzishwa mwaka 1958. Linatazama sana mchango wa wenyeji wenyewe. Kindermissionswerk, la Ujerumani pia, linasaidia kazi za watoto. Sehemu kubwa ya fedha zake hutoka kwa watoto wanaopita nyumba kwa nyumba wakiimba wakati wa sikukuu ya Epifania. Fedha za Misereor nazo kwa sehemu ni sadaka ya waamini ya Kwaresima. Tukumbuke hilo tunapoandika hesabu: nyuma ya kila euro yupo mjane au mtoto aliyejinyima. Kwa kawaida mashirika haya hutaka barua ya Askofu, kwa hiyo njia ni ile ile ya kupitia jimboni.

Mfuko wa Dunia, Umoja wa Ulaya na wengine wa namna hiyo hutoa fedha nyingi kwa taasisi kubwa zenye hesabu zilizokaguliwa. Kikundi kidogo hakiandiki huko moja kwa moja. Kinachowezekana ni kuuliza jimbo, au Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC) iliyoundwa mwaka 1992 na Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo, kama lipo fungu ambalo kikundi chenu kinaweza kushirikishwa.

Kabla ya kumwandikia yeyote, tafuteni majibu ya maswali manne: Anasaidia kazi gani? Anasaidia nchi na mikoa ipi? Anatoa kiasi gani? Anapokea maombi lini? Kijana wa parokia mwenye simu anaweza kuyapata katika intaneti kwa jioni moja. Barua tatu zilizolengwa zina faida kuliko barua thelathini zilizotawanywa.

HATUA YA TANO: BARUA

Barua ya kwanza isizidi kurasa mbili. Iwe na mambo haya kwa mfuatano: sisi ni nani, shida ni ipi, tumefanya nini tayari, tunataka kufanya nini, wapi na kwa muda gani, gharama na mchango wetu, nani atasimamia, tutajuaje kwamba tumefanikiwa, na baada ya fedha kwisha kazi itaendeleaje.

Wengi huandika: "Tunaomba msaada wowote Mungu atakaowajalia." Ni maneno ya unyenyekevu, lakini msomaji hajui la kufanya. Afadhali kuandika: "Tunaomba shilingi 3,260,000 za kununua baiskeli 5, mipira ya wagonjwa 15 na vifaa vya mwaka mmoja. Jumuiya zetu zitatoa sabuni yote, chakula cha mafunzo na matengenezo. Kuanzia mwaka wa pili, vifaa vya kila mwezi vitabebwa na jumuiya."

Jambo moja tunalisisitiza kama wauguzi. Msipeleke picha ya kidonda cha mgonjwa, wala jina lake, wala ugonjwa wake, ili kumhurumisha mfadhili. Siri ya mgonjwa haiuzwi. Picha ya walezi wakiwa na baiskeli na ndoo zao inatosha. Ikibidi mgonjwa aonekane, aulizwe, aelewe picha inakwenda wapi, akubali mwenyewe, na akikataa asinyimwe huduma.

TAHADHARI YA MATAPELI

Siku hizi hufika ujumbe katika simu: "Hongereni, kikundi chenu kimechaguliwa kupewa dola 50,000. Tumeni shilingi 200,000 za kufungulia faili." Ndugu zetu, huo ni wizi. Mfadhili wa kweli hadai ada ili atoe msaada, hatumi fedha kwenye simu ya mtu binafsi, wala haombi namba ya siri ya benki. Msiwalipe pia wanaojiita wataalamu wa kuandika maombi kwa kudai asilimia ya fedha zitakazopatikana. Mkipata ujumbe wa namna hiyo, upelekeni kwa paroko au jimboni kabla ya kujibu.

FEDHA ZIKIFIKA, NA ZISIPOFIKA

Zikifika, andikeni barua ya shukrani wiki hiyo hiyo. Fanyeni yale tu yaliyoandikwa. Bei ikipanda, msibadilishe matumizi kimyakimya; mwulizeni mfadhili kwanza. Taarifa iende tarehe iliyoahidiwa, nayo iseme ukweli. Kama baiskeli moja imeibwa, iandikwe kwamba imeibwa. Vikundi vingi hunyimwa fedha za pili kwa sababu ya taarifa isiyofika, si kwa sababu ya kazi mbaya.

Zisipofika, msivunjike moyo. Kukataliwa ni jambo la kawaida, na jibu laweza kuchukua miezi mingi. Mwulizeni mfadhili kwa adabu sababu yake, mrekebishe, mwandike tena. Wakati mnasubiri, sabuni za jumuiya ziendelee kukusanywa na mgonjwa aendelee kutembelewa. Kugeuza mgonjwa upande kila saa mbili hakuhitaji mfadhili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu wako wagonjwa wangapi wasioweza kuinuka kitandani? Nani anawatunza?

2. Tunaweza kutoa nini kila mwezi, hata kama hakuna msaada kutoka nje?

3. Ni kitu gani kimoja cha mara moja ambacho kingewarahisishia walezi wetu kazi zaidi ya vingine?

4. Daftari la fedha la kikundi chetu lilisomwa lini mara ya mwisho?

Vikundi vinavyotaka kuangaliwa barua zao kabla ya kuzituma, vizilete katika Idara ya Afya ya jimbo pamoja na orodha ya wagonjwa wasiotajwa majina. Mwenyezi Mungu awabariki walezi wote wanaopita na ndoo zao nyumba kwa nyumba.